Ile Namba Sita Niliyoigeuzia Mugongo

Muheto, siku ya posho, kesho ni siku ya Mungu. Mvua imekatika, mulima wote iko ukungu.

Furaha, mudogo wangu, jambo. Uko muzima kweli? Na mutoto wako Bahati, homa imemuachia? Najua hii daftari haitakufikia kule hospitali, lakini tangu tuzike Mama sina mwingine wa kuelezea mambo yangu, isipokuwa Mungu, na yeye anajua tayari.

Leo moyo wangu iko chini.

Unakumbuka, kisha kilio cha Mama ulirudi kwako Walikale na motokari yenye kibao cha namba tano mbele. Ile namba nikaishika kichwani. Nikasema, ile njo ilimubeba mudogo wangu, ile njo itamurudisha. Kila siku ya posho, tano ikitokea Kirotshe, naacha jembe, najipanguza matope, nasimama barabarani. Inapita imejaa watu wa Walikale. Wewe hapana. Na sita ikitoka kule poroni Walikale, siku ya pili ya juma, siinui hata kichwa. Si yako.

Leo tano ilisimama kushusha chumvi ya duka. Nikamuuliza dereva, Papa Kasereka, "Papa, mudogo wangu mutamuleta lini?"

Akaniangalia. "Mama Riziki, si alipita? Hii juma, siku ya pili, na sita. Alikuwa na mutoto mugonjwa mugongoni, anamupeleka hospitali ya Kirotshe. Alikuita pale kwa shamba yako. Wewe uliinama tu."

"Lakini alienda na tano."

"Namba si ya motokari, Mama. Njo ya safari. Kwenda Walikale iko tano, kurudi Kirotshe iko sita. Motokari njo ileile. Tukifika mwisho nageuza kibao."

"Ng'ombe akienda kunywa maji anaitwa Bihogo, na akirudi anaitwa Bihogo."

Watu wa ndani wakacheka. "Na wewe asubuhi si ni mulimaji, mangaribi mupishi?" akasema. "Kesho hii ikiharibika, ingine itavaa kibao chake, na itakuwa tano vilevile."

Nikacheka nao kidogo. Kisha nikarudi kwa maharagi, nikakaa chini.

Ile motokari niliisikia, Furaha. Sauti yako njo sikusikia, injini ilikuwa inalia na ule mupando wa mulima.

Nimesali rozari nzima, na katikati ya Salamu Maria nilikuwa naona mugongo wangu, vile wewe uliuona kutoka juu ya magunia ya motokari.

Papa ya watoto amesema, "Enda. Nitapika mwenyewe. Watakula ao watalala njaa, watajifunza kukuheshimu." Nimefunga viazi vitamu, na kile kitambaa ambacho Mama alitubebea sisi wote wawili. Siku ya pili ya juma nitasimama barabarani, nipande sita.

Mungu amulinde Bahati mpaka hapo. Na wewe, ukisikia muntu anaita jina lako kwa mulango ya hospitali, tafazali, unijibu mbio.