Uji Unaoganda Umeme Ukikatika

Jumatatu, 6 Oktoba
Vipimo tena. Maji, gesi ya kaboni, shinikizo, baridi. Fuwele zikazaliwa, mfano wa barafu, kila moja imefungia gesi ndani yake. Uji huu wa fuwele ndio utakaobeba baridi bombani badala ya gesi za majokofu zinazoharibu anga. Ukisukumwa kwa kasi huwa mwepesi, ukisukumwa polepole huwa mzito. Mchoro wangu wa vipimo hauna doa. Vipimo vinavyofuata kila kukatika kwa umeme nimevipiga mstari mwekundu. Uchafu.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama Odile, mhandisi wetu mkuu, atamchukua mmoja kwenda Kapolowe kufunga mtambo kwenye ghala la samaki. Mimi au Kabwe, fundi wa pampu. Kabwe! Diploma ya sekondari, na miaka minne ya kusukuma tope la madini huko Kakanda. Sijawahi kumwona na kitabu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Bwawa la umeme la Koni li jirani na Likasi yetu, na bado umeme ulikatika saa nne asubuhi. Pampu ikasimama. Uliporudi, fuwele zilikuwa zimeshikana, bomba limeziba. Nikaifungulia pampu nguvu zote. Mpira wa kiungo cha bomba ukapasuka.

“Docteur, weye unaiamuru!” Kabwe akacheka. “Hii inabembelezwaka, sawa matope ya Kakanda.”

Wote walicheka. Mama Odile pia. Namchukia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kabwe aliniuliza, akiniita kaka mkubwa: “Grand, weye iko na namba za kisha courant kukatika?”

Nilijibu sina namba za baada ya umeme kukatika. Uongo. Zimo daftarini, chini ya mistari myekundu: uji ukilala dakika ngapi bado utasukumika, na ukipita hapo lazima kwanza upashwe joto kidogo.

Ni wivu. Hakuna jina jingine. Kabwe huitwa na Mama Odile “mwanangu”. Mimi ni “monsieur”.

Alhamisi, 16 Oktoba
Umeme ukakatika tena. Bila namba, Kabwe alikisia. Aliiwasha pampu polepole, lakini uji ulikuwa umelala mno. Kiungo kikaachia, kipande cha barafu kikampasua kiganja. Akafunga kitambaa, akaomba radhi kwa kuharibu bomba. Yeye ndiye aliyeomba radhi!

Mama Odile akasema: “Bon. Monsieur njo atakwenda.”

Nimeshinda: mimi ndiye nitakayekwenda Kapolowe.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nilimpelekea Mama Odile daftari, nikamweleza yote, pamoja na uongo. Aligeuza kurasa, kidole kikifuata mistari myekundu.

“Hizi njo namba tulikuwa tunatafuta, monsieur.”

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

Kinachouma zaidi: nilikuwa nimepima uji wa mji ambao umeme wake haukatiki. Mji huo si Likasi.

Jumanne, 21 Oktoba
Kabwe ameondoka kwenda Kapolowe badala yangu, mkono umefungwa bendeji, daftari langu kwapani. Bado namwonea wivu.

Saa tatu umeme ukakatika. Pampu kimya. Kalamu nyekundu niliiacha mezani, nikatazama saa, nikaanza kuhesabu dakika.