Koni ya Mnara wa Kwamsisi

Korogwe,
19 Januari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mafua niliyoondoka nayo yamekwisha. Baba anakula? Usinifiche kwa sababu ya masomo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe tangu kiharusi kimpooze mkono wa kulia na kumnyamazisha, Baba amegeukia ukutani. Na sasa wazee wa msikiti wanataka kumpa fundi mwingine ile koni ya bati ya kufunika mnara, aliyoahidi kuimaliza kabla ya Ramadhani. Umesema ikienda kwa mwingine, hataamka tena kitandani. Basi tuitengeneze wewe na mimi. Wewe ndiye uliyemshikia bati miaka yote.

Umeandika upana wa chini ni sentimita sitini, urefu arobaini. Piga msumari, funga uzi wa sentimita arobaini, chora duara. Pima kwa kamba sentimita 188, ndio mzunguko wa chini wa koni, juu ya mstari wa duara, weka alama mbili, kila moja uiunganishe na msumari. Kata kipande hicho, ukunje mpaka kingo zikutane. Ndivyo tulivyofundishwa.

Mwanao,
Rukaya

Kwamsisi,
27 Januari 2025

Mwanangu Rukaya,

Marahaba. Sisi tunaendelea. Baba yako hunywa uji vijiko vitano, halafu anafumba mdomo.

Nilikata kama ulivyosema, nikaishikiza kwa waya, nikaipeleka msikitini kuipima. Ni fupi, imebweteka kama kawa. Katibu Muhsin aliizungusha mikononi, akasema, "Mama Rukaya, huu ni mnara au tunafunika pilau?" Watu walicheka. Nami nilicheka, ningefanya nini.

Wametupa mpaka mwezi uandame. Bati lililobaki linatosha koni moja tu. Baba yako aliniona narudi nayo, akageuka tena.

Usijilaumu. Soma.

Mama yako

Korogwe,
2 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mwili hauna tatizo, ila moyo umenisumbua.

Kosa ni langu. Ile arobaini yako ni urefu wa kusimama, mimi nikaifanya urefu wa uzi. Uzi hupita ubavuni, na ubavu ni mrefu kuliko wima. Mwalimu Fausta wa hisabati amenionyesha, wala hakunicheka. Uzi uwe hamsini. Ile 188 haibadiliki.

Nimejaribu kwa karatasi ya daftari, kingo nimezibandika kwa selotepu. Imesimama vizuri. Nimeilaza ndani ya bahasha. Ifungue umwonyeshe Baba, hata kama anaangalia ukuta.

Mwanao,
Rukaya

Korogwe,
16 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Hamjambo huko? Wiki mbili sijapata jibu. Jina langu likiitwa ofisini nashtuka. Kama ni bati limeharibika, niambie. Kama ni Baba, niambie pia. Sitalia darasani.

Mwanao,
Rukaya

Kwamsisi,
27 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tu hai, wote wawili. Nisamehe, sikuwa na la kukuandikia.

Koni yako ya karatasi niliiweka kwenye stuli, kati ya baba yako na ukuta. Siku tatu hakuigusa. Siku ya nne nikaikuta mkononi mwake wa kushoto, ameibandua selotepu yote. Nikadhani ni hasira. Nami nikaogopa kulishika bati.

Juzi nikajikaza. Nikalitandaza uani, nikachora, nikachukua mkasi. Nikamsikia anagonga mbao za kitanda. Nikamtoa nje, nikamkalisha kando ya bati. Akalaza kidole cha kushoto nje ya mstari wangu wa pembeni kupima upana, kisha kwa mkono huohuo akachora kwa chaki mstari wa pili mpaka mwisho. Mstari umepinda kama njia ya mbuzi, lakini nikaelewa. Ningekata palepale, kingo zingekutana bila kupandana, na misumari ya ribiti ingekosa pa kukaa. Wewe ulisahau, na mimi miaka yote nilishika bati nisione.

Jana koni imepanda mnarani. Muhsin ndiye aliyeshika ngazi. Baba yako aliitazama, akanionyesha kwa kidole kwamba imeinama upande wa kijiji cha Kang'ata. Imemkera mpaka jioni akala ugali.

Bado hasemi, na daktari hajaahidi lolote.

Koni yako imo ndani ya bahasha. Ameikunja upya mwenyewe, ukingo mmoja juu ya mwingine, akaigandisha kwa uji aliousaza. Imekuwa nyembamba kidogo, lakini imeshika.

Mama yako