Besi ya Mzee

Jumatatu, 8 Septemba
Nimemaliza boksi la spika za gari la mteja wa Huruma. Wufa mbili, spika za besi, za inchi kumi na mbili, tundu kubwa la upepo mbele, kama wanavyopenda. Vioo vya gari vilitetemeka, akafurahi. Nikarudi kwetu Makongeni, ua umejaa waombolezaji. Mzee, baba yangu, alifariki Alhamisi. Ijumaa hii tunampeleka nyumbani Bungoma kumzika.

Mama hajalia. Masikio yake yalikufa miaka mingi iliyopita. Anachopata ni vishindo na sauti nzito. Leo amenipa simu ya Mzee. Ndani mna sauti yake akifanya mazoezi ya besi ya kwaya, peke yake. "Nataka kumsikia kabla hajatoka hapa," akasema. Spika ya simu inatoa mkwaruzo tu. Nimemwonyesha kwa ishara kuwa hiyo ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeunganisha simu kwenye spika za gari langu. Mama akaweka kiganja juu ya boksi. Mngurumo mmoja tu, toka mwanzo hadi mwisho. Akaondoa mkono. "Hii ni gari, Wafula. Si baba yako."

Aibu. Mzee alikuwa akisema spika zangu zinapiga kelele, haziimbi. Nami tangu nioe sikwenda kumsikia kanisani hata mara moja. Najichukia.

Jumatano, 10 Septemba
Nilidhani ni nguvu iliyopungua. Mjinga mimi. Nimeazima amplifaya kubwa ya Njoroge, fundi mwenzangu, nikafungulia. Harufu ya koili ya wufa inayoungua ilinifikia kabla sijaigusa swichi. Wufa moja imekufa.

Njoroge akaja, akasikiliza iliyobaki. "Buda, shida si nguvu. Hiyo boksi yako inaimba noti moja tu."

Kweli tupu. Tundu la upepo linakuza noti moja na kuzimeza nyingine. Linatakiwa boksi dogo lililozibwa kabisa, wufa moja, na amplifaya yangu ya zamani inayoimudu. Miaka kumi na mmoja kwenye kazi hii, sijawahi kutengeneza boksi la kuzibwa. Huku Eastlands hakuna anayeliomba. Siku mbili zimebaki. Naogopa.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekata mbao. Nimepima ujazo mara tatu na bado nikasahau kutoa nafasi inayokaliwa na wufa yenyewe. Nimeanza upya. Sijala.

Saa kumi jioni nimejaribu. Kona moja inavuja, inapuliza kama tairi lenye pancha. Nimekaa chini katikati ya vumbi la mbao nikalia, wateja wakinitazama. Nimeipaka silikoni. Haitakauka kabla ya asubuhi. Ee Mungu, kona hii tu.

Ijumaa, 12 Septemba
Silikoni ilikauka alfajiri. Mwili uliletwa uani saa tatu. Kwaya ikajipanga kando ya gari langu, nafasi ya Mzee ikaachwa wazi. Nikaushika mkono wa Mama, nikauweka juu ya boksi. Nikabonyeza.

Akatoka Mzee mwenyewe. Noti zikishuka, noti zikipanda, hata anapovuta pumzi. Kwaya ikaingia juu yake. Mama akafumba macho, vidole vikitembea juu ya mbao. Ubeti wa pili akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, "Amechelewa kuingia. Kila siku anachelewa hapo."

Mwalimu wa kwaya akaitikia kwa kichwa. Ndipo Mama akalia.

Jumapili, 14 Septemba
Tulizika jana. Mama amebaki nyumbani Bungoma. Boksi nimelishusha garini, nimeliweka sebuleni kando ya kiti cha Mzee pamoja na amplifaya na betri. Nimemwonyesha pa kubonyeza.

Asubuhi nilipokwenda kuaga nilimkuta ameinama, kiganja juu ya mbao. Nilisimama mlangoni kidogo, nikaondoka bila kumgusa. Hakuhisi nikiwasha gari.