Gari Lililoacha Kukohoa

Jumatatu, 6 Oktoba

Limezima tena majini. Mto ule ule, hapa karibu na Kashebere. Magunia ya maharagi nyuma, mimi kwenye tope mpaka magotini. Nimefungua kapo la injini, nimetoa kifuniko cha delko inayogawa moto, nimepangusa platine zake kwa ncha ya kitenge changu. Kitenge kipya. Harufu ya esanse, petroli hiyo, na ya samaki sambaza wa Shasha waliomwagika chini ya kiti mwezi uliopita na kuozea humo. Nikatema mate. Limewaka kwa kusukumwa na wanaume ambao kila mmoja alikuwa na ushauri wake na hakuna aliyetaka kulowa.

Nalichukia gari hili. Kuukuu, silinda sita, turubai limetoboka. Ni la marehemu mume wangu, Baba Sifa. Yeye alikuwa akipima mwanya wa platine kwa ukucha wa dole gumba, na gari linakwenda wiki nzima. Ukucha wangu haupimi kitu. Nikitengeneza mimi, silinda moja inagoma na gari linakohoa njia nzima, kho, kho-kho, mpaka mbuzi wa barabarani wanatujua.

Leo nimehesabu siku. Madaktari wa macho wanafika Masisi Jumanne ijayo. Hawakai. Mama mkwe wangu yuko Kibua, haoni tena ila kivuli. Mara ya mwisho walipokuja, gari lilikufa mtoni na tulifika wakifungasha vyombo. Nilimrudisha kipofu vile vile. Hakunilaumu. Alinyamaza tu kutoka Masisi mpaka kwake. Sitaki kuusikia tena ule ukimya.

Jumatano, 8 Oktoba

Shemeji Déo, mdogo wa marehemu, amerudi kutoka Goma na delko ya elektroniki. Imefungwa kwa gazeti kama samaki. Hii haina platine za kusugua wala mwanya wa kupima. Ndani kuna kijisanduku cheusi kilichozibwa, na anasema maji hayakiwezi. Déo anasema mengi.

Kazi ameifanya Papa Janvier, mekanisiye wetu. Mtu wa kutia kinyaa. Anavuta esanse kwa mdomo kwenye mpira, anatema karibu na mguu wangu, halafu anaendelea na simulizi. Amepangusa mikono kwa taulo yangu ya kuogea. Kwa vidole hivyo hivyo amekula muhogo wangu wote.

Delko ya zamani ilipofunguliwa mezani, ndani kulikuwa na vumbi jeusi, grisi iliyoganda na mende mkavu. Mende! Miaka yote hii nimebeba abiria na mende ndiye anayegawa moto kwa mabuji, zile plagi za injini.

Kisha ukaanza ugomvi. Papa Janvier anaitaka delko ya zamani akatoe vipuri. Déo anaitaka akaiweke ukutani, ni kazi ya mkono wa kaka yake. Wanaume wazima, mbwa na mfupa, katikati ya uwanja wangu, majirani wamesimama kwenye ua. Nikawanyang'anya. Nikaenda nayo chooni nikaitupa shimoni. Nilisikia ikizama.

Ugomvi ukaisha hapo hapo. Afadhali.

Gari limewaka kwa funguo, mara moja. Linanguruma sawa sawa kama cherehani. Wao wakapiga makofi. Mimi nilisimama nikingoja likohoe. Halikukohoa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelipitisha mtoni makusudi. Maji yamefika juu ya bampa. Halikuzima. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nikikumbuka sasa, mtu mmoja tu ndiye aliyependa kile kikohozi. Mama mkwe. Akikisikia kule juu ya mteremko wa Kibua anaweka maji motoni na kuwaambia majirani, mutoto yangu anakuja. Mutoto yake tulimzika pamoja, yeye akinishika mkono. Anajua vizuri. Anasema tu. Mimi nikishuka kwenye gari naona uso wake ukishuka pia, na nakasirika. Koti la marehemu niligawa, buti niligawa, na kila kimoja ameniuliza kimeenda wapi.

Simpendi sana. Nimwandikie nani uongo humu? Lakini macho ni macho.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbaya.

Tumefika Kibua mchana, mimi na Déo, bila kukwama hata mara moja. Tulipoanza kuteremka niliona mwanamke anaacha kinu na mchi uani. Halafu watoto wanakimbia. Halafu milango inafungwa. Kufika chini, kijiji kitupu. Sufuria za sombe motoni, kuku peke yao barabarani.

Nilikaa kwenye usukani nikielewa polepole. Siku hizi za vita gari geni si habari njema hapa. Mtu hangoji kuona nani anashuka. Kibua hakuna rezo, hatukuweza kupiga simu. Gari letu walilijua kwa kikohozi, na kikohozi nimekitoa mimi.

Mlango wa mama mkwe wazi. Moto umemwagiwa maji. Fimbo yake iko chini, kizingitini.

Déo alisimama juu ya kapo akapiga kelele, "Njo siye, si wageni! Iko gari ya Baba Sifa! Musikimbie!" Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, wamekasirika, wengine wakitutukana. Walikuwa na haki. Mzee mmoja wa kanisa alitema mate chini mbele yangu. Mama mkwe hakutoka.

Tulimpata kabla ya giza, kwenye shamba la muhogo nyuma ya makaburi. Amekaa ndani ya mfereji, maji mpaka kiunoni, majani kichwani, shavu limechanika. Kipofu, na alikimbia bila fimbo. Nilipomgusa alinipiga kofi. Nikasema ni mimi, Mama. Akanipiga la pili.

Nimemwosha. Alikuwa amejinyea kwa hofu. Nimemwosha kila mahali. Leo kinyaa chote ni changu mimi mwenyewe.

Jumapili, 12 Oktoba

Amekataa kupanda.

Tulimpeleka mpaka kwenye gari baada ya ibada. Alipapasa mlango. Alipapasa kiti, akatia kidole kwenye mpasuko wake wa zamani. Alinusa. Nilidhani tumepona, sambaza wamenisaidia kwa mara ya kwanza. Déo akawasha injini ili amwonyeshe ilivyo nzuri. Mjinga. Mama akarudi nyuma kama ameungua.

"Kiti iko yake," akasema. "Sauti haiko yake. Mulipeleka wapi sauti ya mutoto yangu?"

Déo akaanza kueleza elektroniki. Mbele ya wamama wa kanisa, kwa Kifaransa nusu. Nilitaka kumziba mdomo kwa tope.

"Mukatafute ile ya zamani," akasema Mama. "Ao muniache na giza yangu. Nimeizoea."

Ile ya zamani. Déo akaniangalia. Mimi nikaangalia migomba. Ningesema nini? Iko chini ya mavi yangu, Mama, niliitupa mwenyewe mchana kweupe?

Mchungaji amemsihi, amekataa. Majirani wamemsihi, amewaambia waende wao. Déo amesema tumbebe kwa nguvu, ni mwepesi. Nikamwambia akimgusa tu nitamwacha Kibua alime. Mwanamke huyu jana amekimbia kipofu kwenye mifereji kwa sababu yangu. Simfungi kamba kama mbuzi.

Lakini Jumanne ni kesho kutwa. Wakienda wale madaktari, sijui lini tena.

Jioni, mvua imekatika kidogo, nimefungua kapo. Delko mpya inang'aa, safi, haina kosa lolote. Nikaichukia. Nikachomoa waya wa buji ya tatu. Ncha yake nikaifunga kwenye chuma kwa kipande cha kitenge, moto usiruke ovyo. Nikawasha.

Kho. Kho-kho. Kho.

Moshi mweusi, uvundo wa esanse mbichi, gari zima linatetemeka kama lina malaria. Uharibifu mtupu. Papa Janvier angelia.

Mama mkwe alitoka mlangoni bila fimbo. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kapo, akaweka viganja viwili juu ya bati, akakaa hivyo. Sikuzima. Esanse inakwisha na mimi sikuzima.

"Njo yeye, iko sauti yake," akasema. "Kesho tutaenda asubuyi."

Jumatatu, 13 Oktoba

Kibua mpaka Masisi kwa silinda tano. Mlima wowote, gia ya kwanza. Déo ametapika kwa moshi, kwenye kiatu changu. Kwenye kizuizi askari aliziba pua akatuambia tupite haraka, gari letu linanuka. Angalau hilo.

Mto umejaa. Nimeomba, nimekanyaga. Tumepita. Zile platine zingekufa pale, na Mama asingefika. Nimesema hivyo kimoyomoyo, kwa hasira, nikimwambia sijui nani. Labda Baba Sifa.

Mama amelala njia nzima, kichwa begani kwangu, mdomo wazi, mate kwenye blauzi. Sikumsukuma.

Jumanne, 14 Oktoba

Foleni tangu alfajiri. Wazee wa vilimani wamelala kwenye nyasi za hospitali, wamejifunika mashuka. Choo cha wagonjwa siwezi kukiandika.

Daktari, kijana, amesema jicho la kulia linawezekana. La kushoto limekwisha, lingewezekana tulipokuja mara ile. Amelisema taratibu tu, akiandika, na kuita anayefuata.

Nimetoka nje. Nimelipiga teke gari mpaka kidole kimevimba.

Jumatano, 15 Oktoba

Wamemfanyia upasuaji. Ana kitambaa. Anauliza kama gari lipo. Ninamwambia lipo, Mama.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kitambaa kimetoka asubuhi. Alikaa akipepesa, chozi moja linashuka. Aliangalia mikono yake mwenyewe, nyuma na mbele. Aliangalia dirisha. Halafu akaniangalia mimi, muda mrefu mpaka nikaona aibu.

"Mama Sifa," akasema, "umezeeka."

Ndiyo salamu yangu hiyo. Déo alicheka mpaka muuguzi akamtoa.

Nje alikwenda kwenye gari. Alilizunguka lote. "Kumbe limechakaa hivi," akasema. Kisha akagonga kapo. "Fungua nione."

Nikafungua. Ningefanyaje? Jicho moja jipya, na likaenda moja kwa moja kwenye kile kipande cha kitenge. Akaangalia waya. Akaangalia delko inayong'aa. Akageuka akaangalia kiuno changu, kitenge hicho hicho, kimechanwa pembeni.

"Ulifunga wewe?"

Ndiyo, Mama.

"Juu yangu, ili nipande?"

Ndiyo.

Alinisogelea. Nilijiandaa kwa kofi.

"Rudisha waya," akasema. "Iko inakula esanse bure."

Jumamosi, 18 Oktoba

Tunalala kwangu Kashebere, kesho nampeleka Kibua. Gari limekuja kimya. Njiani Mama alikaa mbele, anasoma kwa sauti kila kitu: ng'ombe, ng'ombe, mwanamke na mtungi, muhogo wa nani huu. Karibu na mto nilisikia amenyamaza. Alikuwa ametega sikio kwenye injini. Alitega mpaka tukavuka. Halafu akaendelea, ng'ombe, daraja limevunjika, mutoto bila viatu.

Ameniambia kesho nikifika juu ya mteremko nipige honi mara tatu, watu wasikimbie. Na iwe hivyo kila mara. Nimekubali.

Jioni aliomba choo. Nilichukua ndoo ya maji nikamshika mkono. Akautoa. Anaona, akasema, aende mwenyewe. Nilisimama nje ya mlango na ndoo yangu. Alikaa mno. Nilimwaza ameinama anachungulia lile shimo lenye delko kwa jicho lake jipya, na nilishika ndoo kwa mikono miwili.

Alitoka, akanawa taratibu kwenye ndoo yangu.

"Choo yako iko na uchafu," akasema.

Nimesema ndiyo, Mama. Kesho nitakisafisha.