Anwani Saba za Chapchap

Karakana ya Vyerehani,
Chumba cha Mbele.
Jumanne, 9 Juni.

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na mumeo na watoto. Je, kifua chako kimepona? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limezoea kulalamika. Uniwie radhi kwa kunyamaza miezi minne. Nilikuwa na aibu, na sasa nina furaha. Zote mbili zilinizuia kushika kalamu.

Wewe ndiwe uliyeliweka duka langu kwenye ramani ya simu. Hata hivyo, tangu mwaka jana wateja walipotea kabisa. Nilikwisha kuanza kutia spana katika magunia, tayari kulifunga duka nililolianzisha pamoja na marehemu mke wangu.

Ndipo akaja mama mmoja mshonaji, cherehani kichwani, akihema.

"Shikamoo mzee. Hapa ndipo kwa Chapchap, tawi la tatu?"

"Marahaba, mama. Hapa ni kwangu."

"Basi simu yangu ina wazimu."

Simu ilikuwa na akili timamu. Chapchap, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka moja, alikuwa amejiandikisha katika anwani saba: kwa kinyozi aliyehama, kwenye choo cha soko, hata kibarazani pangu. Kila aliyetafuta fundi alimwona yeye mara saba kabla ya kuniona mimi.

Nilizisoma kanuni za wenye ramani, miwani juu ya miwani. Zataka duka liandikwe palipo na mlango wake, kwa jina lililo kwenye kibao. Hapo nikainamisha kichwa. Wewe, kwa mapenzi yako, uliliandika langu "Fundi Bora Kuliko Wote, Haraka na Nafuu", ilhali kibao chasema "Fundi wa Vyerehani" tu. Unisamehe, mwanangu, nililifuta jina hilo kabla ya kumshtaki mwenzangu. Tukashuka chini zaidi katika orodha ya ramani.

Kisha nikawaandikia wenye ramani mashtaka, yenye anwani, tarehe na salamu. Kisanduku cha kuandikia kikajaa kwenye salamu. Nikaanza upya bila salamu, Mungu anirehemu, nikaambatanisha picha ya kila mlango.

Siku ya kumi na mbili anwani sita ziliondolewa. Sasa duka letu ndilo la kwanza. Leo asubuhi vyerehani kumi na kimoja vimepanga foleni hadi ngazini, na magunia ni matupu.

Chapchap naye alifika, mikono mifukoni.

"Mzee, umenifuta."

"Sikukufuta, mwanangu. Upo palepale penye mlango wako."

"Na ile 'Kuliko Wote' yako je?"

"Hiyo niliifuta kwanza."

Akaniomba nimwazime spana ndogo, nami nikampa.

Nisalimie mumeo na watoto. Mama yako, dada yangu, mwambie kibao nimekipaka rangi upya, kwa maneno yaleyale matatu. Mwenyezi Mungu aulinde mlango wenu na wote wauingiao.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye daima,

Fundi wa Vyerehani