Kamera Uliyomtumia Mama

Mbokomu, Moshi
12 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Elisaria,

Marahaba. Shikamoo yako haijafika, lakini naiitikia mapema usije ukasema dada yako hana adabu. Hujambo huko Winnipeg? Baridi inaendeleaje, na mkeo, na mtoto? Sisi tu wazima. Mama anakula, analala, anakohoa kidogo alfajiri. Jicho la kushoto limekwisha kabisa, na la kulia daktari amesema tusilitegemee mpaka mwaka uishe. Ng'ombe amezaa dume. Salamu ndizo hizo.

Nakuandikia kwa karatasi makusudi. Meseji zangu unazisoma na kunyamaza, nami nimechoka kuangalia tiki za bluu. Karatasi angalau utaishika mkononi.

Kwanza uyafute yale maneno uliyomwambia Godlove, binamu yetu aliyetuletea boksi lako kutoka bandarini, kwamba kompyuta nimeiuza au nimeiharibu kwa ushamba wangu. Godlove hana breki mdomoni, unamjua, na sasa ukoo mzima umeyapata. Nimekuwa mwizi mbele ya wanawake niliowapikia mtori walipojifungua. Imenikera, Eli, na sitajifanya haijanikera.

Sikiliza ilivyokuwa. Boksi lilipofika mwezi wa saba, transfoma ya kitongoji ilikuwa imeungua, hatukuwa na umeme. Mama akasema kitu cha thamani hakikai chini kikaliwa na mchwa. Akaamuru kompyuta ipandishwe darini, juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu. Unaijua ile dari. Kila alichotaka kidumu katika nyumba hii alikipandisha kule kwenye moshi, hata cheti chako cha kipaimara. Moshi unafukuza wadudu, na mimi tangu nizaliwe sijaona kitu kilichooza mle, kwa hiyo sikubisha. Ikakaa ikifukizwa mpaka umeme uliporudi mwezi wa kumi na moja.

Nilipoishusha niliifuta kwa kitambaa, nikaiwasha, ikawaka vizuri. Nikachomeka kamera yako. Kitaa chake kikapepesa kidogo kikazima, na kwenye kioo yakaja maandishi kwamba kifaa hakitambuliki. Nikakupigia. Hapo ndipo ulipoanza kunisemesha kama mtoto wa chekechea.

Chomoa, chomeka tena. Nikachomoa. Jaribu tundu lingine. Nikayajaribu yote, ya mbele na ya nyuma. Zima, washa upya. Ingia kwenye orodha ya vifaa, futa jina la kamera, iache kompyuta iitafute yenyewe. Nikafuta, ikaitafuta, haikuipata. Ukasema basi kuna kitu nimebonyeza. Nikakueleza kwamba hata mausi inakataa, inakubali tu nikiusukuma waya upande kwa kidole. Mtu wa kompyuta kama wewe hukuuliza kwa nini. Ulisema una kikao, ukakata simu.

Mama alikuwa kando yangu akisikia yote. Anachotaka ni kimoja tu, na unakijua: amwone huyo mtoto aliyebeba jina lake, Aikande, kabla jicho halijafunga. Hajaomba uje. Aliacha kuomba hilo Desemba ya juzi, watu walipokuwa wanapanda kutoka Dar na Arusha kila mmoja kwao, naye akikaa barazani akisikiliza magari yakipita getini kwetu. Ukatuma kamera badala yako. Sawa, tukasema hata hiyo ni heri.

Basi nikaishusha mashine mpaka Njoro, kule mjini, kwa fundi anaitwa Primus. Akainusa, akaniuliza kama tunakaushia nyama humo, akasema matundu yamekufa, nitafute kompyuta nyingine. Nikarudi nayo bila kumuaga.

Siku iliyofuata nikakaa nayo barazani, nikamulika tochi ya simu ndani ya yale matundu. Masizi, ndugu yangu. Yameganda meusi na mafuta yake juu ya vile vipande vya shaba, kama chini ya sufuria. Nikachomoa waya wa umeme, nikachukua mswaki mkavu ambao haujatumika, nikasugua polepole. Kisha nikazungushia pamba kwenye kijiti, nikachovya spiriti ya duka la dawa, nikapitisha tundu moja baada ya jingine, nikaacha pakauke vizuri. Nilipochomeka kamera kitaa kiliwaka kikabaki. Nikajiona kwenye kioo, nywele hazijachanwa, nikacheka peke yangu. Kosa la moshi ni letu, nalikubali. Kunisema kwa watu ni lako.

Sasa nakuja kwenye kilichonikalisha kuandika.

Tulipatana kwa kamera siku ya pili ya Krismasi. Mama alivaa kitenge cha Umoja wa Wanawake na kilemba kipya, akavaa na miwani ambayo siku hizi haimsaidii. Nikasogeza kiti chake kwenye mwanga wa dirisha ili umwone vizuri. Ukamwona. Ukasema amependeza. Sisi tuliona kioo cheusi chenye duara, na ndani ya duara herufi E. Ukasema kamera yako ina shida. Nikakuuliza kama umechomoa ukachomeka tena, ukacheka, ukasema yako imejengewa humohumo ndani ya kompyuta. Nyuma yako nilimsikia mtoto akiongea. Ulikuwa na shida gani ya kumwomba mkeo achukue simu yake atuonyeshe mtoto tu, kama wewe hutaki kuonekana? Ukasema siku nyingine, ukaaga.

Mama hakuinuka. Alisogea mpaka jicho la kulia likawa karibu kugusa kioo, akaniuliza lile duara ni kichwa chako au cha mtoto. Nikamwambia ni herufi tu.

Sijui unaficha nini. Kama umekonda, kama kazi imekwisha, kama wewe na mkeo hamkai tena nyumba moja na mtoto amekuja kukutembelea, hayo ni mambo ya watu na sisi ni watu wako. Tungekasirika siku mbili tatu, kisha tungekuuliza umekula nini. Lakini kumvalisha mama wa umri ule na kumkalisha mbele ya herufi, hilo nashindwa kulimeza.

Godlove anakusalimu, na nimekwisha kumsema. Jirani yetu Mama Goodness anakusalimu sana na anakusifu. Anakusifu kwa sababu hii: Jumapili, baada ya ibada, mama aliwaambia yeye na wenzake kwamba amekuona. Akasema umenenepa, sebule yako ina mapazia mazuri, na Aikande amechukua paji la uso la marehemu baba. Aliwaeleza hata rangi ya gauni la mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Katika maisha yangu sijawahi kumsikia mama akisema uongo, hata wa kumbembeleza mgonjwa. Alipogeuka akaniona, alinishika mkono, akaniomba kwa sauti ya chini nisimwumbue.

Nimekubali kunyamaza mbele ya watu. Kwako nimeshindwa.

Mungu akukinge na hiyo baridi, amtunze mtoto, na wewe akukoseshe usingizi kidogo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye nikiwa na hasira,

Yuditha