Nukta na Vistari Hadi Japani

Mjukuu wangu Neema,

Sisi wa Boko hatujambo, na babu yako amepona kikohozi. Umeuliza nilimpataje mtu wangu wa kwanza kwenye redio ya mawasiliano.

Nilikuwa darasa la saba. Baba alisema nisipompata mtu siku hiyo, redio atapewa kaka. Nikagonga nukta na vistari vya Morse, milio mifupi na mirefu ya kutaja herufi, mbio mbio, nionekane fundi. Mtu akajibu kwa kasi ileile, nisiambulie hata herufi.

Kaka akacheka. "Haya, fundi, sogea!"

"Redioni utajibiwa kwa mwendo wako, mama," baba akaniambia. "Tuma kwa mwendo unaoweza kuusikia."

Nikaita tena, polepole. Yule mtu naye akapunguza mwendo. Nikaandika jina lake lote, na la mji wake. Nikarukia uani nikishangilia.

"Umefaulu mtihani?" jirani akauliza.

"Nimesikika Japani!"

Bibi yako akupendaye